Kodi aliyoizidisha marehemu ni haki ya warithi wake

Mtu akifiwa na mume au mke hapa Uingereza, kinachotangulia ni mazishi, simu za tanzia kwa jamaa wa Mombasa na Unguja na, ikiwa mwili unasafirishwa, mchango. Kodi ya mapato haimo kichwani mwa mtu, wala simlaumu yeyote. Lakini nimewasomea barua wajane kadhaa wa jamii yetu, na inaniuma kuona familia ikiiachia serikali pesa zake kwa sababu tu hakuna aliyeiambia kwamba zipo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka wa kodi huanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili. Kwa kawaida mtu ana pauni 12,570 kwa mwaka zisizotozwa kodi, na mwajiri huzigawa mwezi kwa mwezi anapokata PAYE, yaani kodi inayotolewa moja kwa moja kwenye mshahara. Anayefariki katikati ya mwaka anastahili kiwango chote, hata kama ameishi wiki tatu tu za mwaka huo. Chukua mlezi wa wazee aliyelipwa pauni 2,400 kila mwezi kuanzia Aprili, akafariki mwisho wa Julai. Amepata pauni 9,600. Kama hakuwa na kipato kingine, hakupaswa kulipa kodi hata senti, naye ameshakatwa takriban pauni 1,080. Zote zinarudi, isipokuwa michango ya bima ya taifa (National Insurance), ambayo ina utaratibu wake. Pesa hizo ni mali ya marehemu: hupokewa na msimamizi wa mirathi, hulipa madeni kwanza, kisha hugawanywa.

Ukitoa taarifa ya kifo kupitia Tell Us Once, huduma ya serikali inayozifikishia idara zake taarifa hiyo kwa mara moja, mamlaka ya kodi, HMRC, hupata habari na kuanza hesabu. Barua zisipofika, piga simu.

Jambo ninalolipigania zaidi ni nafuu ya wanandoa, ile inayoitwa Marriage Allowance. Ilianza Aprili 2015. Mwenye kipato kilicho chini ya pauni 12,570 humhamishia mwenzake pauni 1,260 za kiwango chake, na mwenzake, akiwa analipa kodi ya kiwango cha kawaida, hupunguziwa hadi pauni 252 kwa mwaka. Tangu mwisho wa Novemba 2017 unaweza kuidai hata baada ya mwenzako kufariki, na kurudi nyuma miaka minne. Mama aliyebaki nyumbani na watoto huku mumewe akiendesha basi anaweza kuwa na haki ya karibu pauni elfu moja bila kujua.

Hapa lipo jambo ambalo misikiti yetu ilipaswa kulisema waziwazi. Nafuu hii ni ya ndoa inayotambuliwa na sheria. Nikaha iliyofungwa Leicester au London bila kusajiliwa haihesabiki. Mahakama ya Rufaa ililiweka wazi hilo mwaka 2020. Iliyofungwa Zanzibar au Mombasa kwa kufuata sheria ya huko kwa kawaida hutambuliwa, basi cheti chake kitunzwe pamoja na pasipoti. Nawaomba maimamu wasimwozeshe mtu kabla ya kuwauliza maharusi watasajili lini. Anayeumia baadaye ni mwanamke, na kodi ni sehemu ndogo tu ya maumivu hayo.

Wapo pia mawakala wanaotangaza kwamba watakurudishia kodi yako. Wanajaza ombi ambalo wewe ungelituma bure, kisha wanakata sehemu kubwa ya pesa. Mjane aliye kwenye eda, na barua zimejaa mezani, ni rahisi kutia saini. Mwanawe au jirani anayesoma Kiingereza vizuri akae naye saa moja, namba ya bima ya taifa ya marehemu na cheti cha kifo vikiwa mkononi, wapige simu wenyewe.

Na serikali nayo ina lake. Inazo rekodi za mishahara ya wote wawili na imeshapewa taarifa ya kifo. Ingeweza angalau kumwandikia kila aliyefiwa kumwambia kwamba nafuu hii ipo. Haifanyi hivyo, ilhali muda wa kudai una mwisho: kodi ya mwaka ulioisha 5 Aprili 2023 haidaiwi tena baada ya 5 Aprili 2027.