Sasa na Baringo Je?

Kwenye kinyozi changu hapa Nakuru, kila mtu anajua kwa nini ziwa letu limepanda mpaka likameza lango la zamani la mbuga. Mmoja atasema ni maji taka ya mji. Mwingine, ardhi ya Bonde la Ufa imepasuka huko chini. Mimi nilikuwa mtu wa Msitu wa Mau: tumekata miti, mvua inateremka na Mto Njoro hadi ziwani, na ziwa lenyewe halina pa kutokea. Nilikuwa na hakika, na sauti ya juu pia.

Mwaka 1910, mwanafalsafa wa Marekani John Dewey alizipanga hatua za kufikiri: unahisi tatizo, unalitaja barabara, unakisia jibu, unajiuliza kisio hilo likiwa kweli ungeona nini kingine, kisha unakwenda kuangalia. Sisi wa kinyozi hufika ya tatu tukaanza kugombana.

Ya nne ndiyo inayouma. Maji taka ya mji, yakishasafishwa, huishia ziwani, sikatai. Lakini kama ndiyo chanzo, Ziwa Nakuru lingepanda peke yake. Sasa na Baringo je? Na Bogoria, na Naivasha? Yote yalifura miaka ileile, baada ya 2010. Hapo mtu wa nyufa anatabasamu, maana yote yako Bonde la Ufa. Basi na atazame Kisumu. Ziwa Victoria, ambalo sehemu yake kubwa iko katikati ya matawi mawili ya Ufa, Mei 2020 lilivunja rekodi yake ya 1964. Kinachoweza kuyafikia maziwa yote hayo kwa mpigo ni mvua.

Nilidhani Mau yangu imepona, kwa kuwa Mto Molo huipelekea Baringo maji yake, nayo Sondu na Mara huyafikisha Victoria. Naivasha ikanishika: Malewa, mto wake mkubwa, unatoka milima ya Nyandarua, si Mau. Bado naamini ukataji miti umeongeza mbio za maji na udongo. Kuongeza tu, si kuanzisha.

Jumamosi niliwaeleza haya yote, nikiwa na povu shingoni. Mzee wa maji taka akanisikiliza mpaka mwisho, akakunja gazeti lake.

“Na hiyo 1964, kijana wangu, miti alikuwa amekata nani?”