Tanga likishaanuliwa kijana anabaki na nani?

Hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo acha niliseme. Sisi wakristo msiba tunauweza, kwa kweli tunauweza, masaa machache tu turubai limefungwa, viti vimefika, kina mama wa jumuiya wameshika masufuria, kwaya ipo, rambirambi zinaandikwa kwenye daftari na jioni mchungaji anakuja kuomba na wafiwa. Sasa tanga likishaanuliwa, turubai limeshushwa, masufuria yamerudi kwa wenyewe, ndani ya ile nyumba kuna mtoto wa miaka 16 ambaye Jumatatu anatakiwa avae yunifomu aende shule kama vile hakuna kilichotokea. Akinyamaza tunasema huyu ana imani. Akilia sana tunamwambia mwanangu usimkufuru Mungu.

Mimi sio mchungaji, ni mlezi tu wa vijana hapa kwetu Arusha, tunakutana Jumapili mchana baada ya ibada. Na kosa ninalolisema nimelifanya mwenyewe. Wengi mnakumbuka tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi wa Lucky Vincent lilivyotumbukia korongoni Rhotia kule Karatu, wakafa watoto 32 wa darasa la saba, walimu 2 na dereva wao, walikuwa wanaenda kufanya mtihani wa kujipima na shule nyingine. Majeneza yakapangwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid na mji mzima ukalia. Jumapili moja baada ya pale kijana wa kikundi chetu, ambaye mmoja wa wale watoto waliokufa alikuwa anacheza naye mpira mtaani, akaniuliza mbele ya wenzake, mwalimu, Mungu alikuwa wapi? Nikamjibu haraka haraka kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nikasoma andiko, tukaimba, tukafunga kwa sala. Hakubisha. Ila hakurudi tena, na mpaka leo tukikutana mjini ananipa shikamoo yangu vizuri tu halafu anapita.

Andiko nililomsomea ni lile la Ayubu, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Ni maneno ya kweli na mimi nayaamini, lakini angalia anayeyasema ni nani. Ni Ayubu mwenyewe, baba aliyefiwa na watoto 10 siku moja, joho amelirarua na kichwa amenyoa. Yametoka kwenye kinywa cha mfiwa. Sisi tumeyachukua tunamtangazia mfiwa kwa spika. Alafu tunaishia sura ya kwanza, wakati ukifika sura ya 3 huyo huyo Ayubu anailaani siku aliyozaliwa na Mungu hakumnyamazisha. Na wale rafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari, mwanzoni walifanya vizuri mno, walikaa naye chini siku saba usiku na mchana hakuna aliyefungua mdomo, walipoanza kumfafanulia kwa nini yamempata ndio wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, wao waliokuwa wanamtetea Mungu! Kila nikifika hapo namkumbuka yule kijana.

Kuna na lile la Wathesalonike ambalo watu wanalitumia kukataza kilio, "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini". Jamani soma sentensi mpaka mwisho. Paulo hakusema msihuzunike. Yesu mwenyewe alienda kaburini kwa Lazaro akijua kabisa kwamba muda si mrefu anamtoa mle ndani, na bado Biblia inasema Yesu akalia machozi. Yeye aliyekuwa na jibu mkononi alilia kwanza, sasa sisi tusio nalo haraka yetu ni ya nini?

Siku hizi kwenye kikundi tunafanya hivi. Tunachukua Zaburi ya 13, fupi, mistari 6 tu, inaanza "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na hilo "hata lini" Daudi amelirudia mara nne kabla hajaomba kitu chochote. Nawaambia vijana kila mtu aandike hata lini zake, asiyetaka kusoma mbele ya watu asisome. Mara ya kwanza binti mmoja aliyefiwa na baba aliandika, hata lini baba mdogo atauliza habari za shamba kabla hajauliza kama nimekula. Kimya kilichoshika mle ndani sijawahi kukisikia hata siku ya Ijumaa Kuu. Mzee mmoja wa kanisa aliniita pembeni akaniambia nawafundisha watoto manung'uniko, nikamwomba kwa heshima akasome Zaburi ya 88 ambayo inaanza kwa kilio na inaisha gizani, haina aleluya mwishoni, na ipo kwenye Biblia ile ile anayokuja nayo kila Jumapili. Kama Mungu aliona ibaki mle mimi ni nani nimkataze mtoto kusema alivyo? Na nilichokiona ni kwamba kijana akisharuhusiwa kumwambia Mungu ukweli anaendelea kuongea naye, ila yule tunayemfunga mdomo ndo anaondoka kimya kimya, au anabaki kwenye kwaya mwili tu.

Wavulana ndo wananiumiza zaidi. Jikaze wewe ni mwanaume, sasa wewe ndo baba wa nyumba hii, mtoto wa kidato cha pili anaambiwa hivyo kabla hata udongo haujakauka.

Na imani sio maneno tu. Eliya alipochoka akaenda nyikani akamwomba Mungu amtoe roho, malaika hakuja na mahubiri, alikuja na mkate na maji, akamwambia inuka, ule, akalala tena, akaamshwa akala tena, mazungumzo yalikuja baadae kabisa. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia kijana aliyefiwa uliza kama amelala, uliza ada imefikia wapi, mpigie mwezi wa tatu huko baada ya msiba ambapo hakuna tena anayepiga, na mtaje marehemu kwa jina lake maana watu wote wameanza kulikwepa. Ukiona hali chakula, halali usingizi, anasema bora na yeye angekufa, mpeleke hospitali au kwa mtu wa ushauri nasaha na endelea kumwombea, havigombani hivyo, na kumwambia hilo ni pepo la huzuni ukamwacha na mafuta ya upako tu ni kumtelekeza.

Kuna kijana mmoja nipo naye sasa hivi, mama yake ameondoka mwezi wa pili. Kanisani anakuja ila sala hasali, ameniambia wazi hana cha kumwambia Mungu kwa sasa na nimemwambia sawa, mimi nitasali, wewe kaa tu. Jumamosi hii tunaenda kwao kupalilia pale kaburini, majani yameota sana na mvua hizi. Yeye atatafuta miche ya maua, jembe nabeba mimi.