Kamera kooni si kitu cha kwanza kununua

Kwenye makongamano ya wataalamu wa dawa za usingizi siku hizi, meza inayojaa watu ni ya laringoskopu za video, vifaa vya kuangalia koo vyenye kamera. Mwanasesere wa mafunzo kalazwa chali, mdomo wazi, na muuzaji anakukabidhi mpini wenye kioo kidogo ujaribu. Unaingiza bledi (sehemu ya kifaa inayoingia mdomoni), nyuzi za sauti zinajitokeza kwenye kioo, mrija wa kupumulia unapita, kila aliyesimama pale anatamani. Chai ya saa nne haijaisha, tayari kuna mganga mfawidhi ameomba profoma.

Kifaa chenyewe sikipingi. Atakayekipinga leo ajiandae kubishana na tafiti nzito. Mwaka 2022 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, walitoa mapitio ya tafiti 222 zenye washiriki 26,149, na jibu halikuwa na utata: kwa watu wazima, laringoskopu ya video hupunguza visa vya mrija kushindikana kabisa ukilinganisha na laringoskopu ya kawaida. Mwaka uliofuata ukaja utafiti wa DEVICE wa Marekani, wagonjwa mahututi 1,417 wa idara za dharura na wodi za uangalizi maalumu (ICU). Waliowekewa mrija kwa jaribio la kwanza walikuwa asilimia 85.1 kwa video, na 70.8 kwa kifaa cha kawaida. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa imeshajionyesha. Mwaka 2024 Cleveland Clinic wakatoa wa kwao, uliofanyika ndani ya thieta kwenye operesheni 8,429: waliohitaji kujaribiwa zaidi ya mara moja walikuwa asilimia 1.7 kwa video na 7.6 kwa kawaida. Hizo si namba za kupuuza, hasa kwa sisi ambao bado tunategemea bledi iliyopinda aliyoitoa Macintosh pale Oxford mwaka 1943.

Ninachokipinga ni mpangilio wa manunuzi. Hospitali isiyo na kapnografu hata moja, yaani mashine inayoonyesha hewa ukaa anayoitoa mgonjwa, na isiyo na buji, fimbo ya kuuongoza mrija, droo ya juu ya meza ya usingizi, haina sababu ya kuanza na kamera.

Turudi kwenye tafiti zenyewe, maana wauzaji hawatakuonyesha zote. Mwaka 2017 Wafaransa walichapisha utafiti wa MACMAN, wagonjwa 371 wa ICU. Video haikuongeza mafanikio ya jaribio la kwanza: asilimia 67.7 dhidi ya 70.3 za laringoskopu ya kawaida. Kibaya zaidi, madhara makubwa ya kutishia maisha yalikuwa asilimia 9.5 upande wa video na 2.8 upande wa pili. Inakuwaje kifaa kinachoonyesha vizuri zaidi kilete hayo? Wengi wa walioweka mirija hiyo hawakuwa wabobezi, na kuona nyuzi za sauti ni kazi moja, kuupitisha mrija katikati yake ni kazi nyingine. Kamera inaona kona ambayo mrija hauwezi kuifuata bila kukunjwa na waya wa ndani. Basi mtu anaganda akitazama kioo, picha nzuri kabisa, mrija unagonga pembeni, sekunde zinakwenda, oksijeni inashuka. Aliyewahi kusimama karibu na mwanafunzi wa namna hiyo anaijua sauti ya monita inavyoteremka noti moja moja.

Buji nayo ina kisa kama hicho. Ni fimbo nyembamba inayopinda, yenye ncha iliyokunjwa kidogo. Unaitanguliza kwenye trakea, njia ya hewa iendayo mapafuni, kisha mrija unateleza juu yake. Bei yake ukiilinganisha na laringoskopu ya video ni kichekesho. Mwaka 2018, hospitali moja ya Minneapolis ilitoa matokeo ya wagonjwa 757 wa dharura: jaribio la kwanza lilifanikiwa kwa asilimia 98 kwa buji, 87 kwa mrija wenye waya. Watu wakashangilia. Mwaka 2021 utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 1,102 katika vituo vingi vya Marekani, ukakuta hakuna tofauti ya maana: asilimia 80.4 kwa buji na 83.0 kwa waya. Wapo waliohitimisha kwamba buji haina lolote. Mimi naisoma tofauti. Pale Minneapolis buji ilikuwa chombo cha kila siku, mikono yao ilishaizoea kabla utafiti haujaanza. Kwingine, wengi waliishika kama kitu cha dharura. Tafiti za njia ya hewa zina tabia hii: unadhani unapima kifaa, kumbe unapima mkono ulioshika kifaa pamoja na mazoea ya jengo zima.

Ndiyo maana namba za Cleveland haziwezi kushuka Dodoma au Garissa jinsi zilivyo. Pale kuna betri zenye chaji, bledi mpya kila mgonjwa, na mtu wa pili wa kuitwa. Huku kwetu nimeona laringoskopu ya msaada ikiwa imefungiwa kabatini, ufunguo kwa inchaji, kwa sababu bledi zake za kutumia mara moja ziliisha na hakuna aliyepanga bajeti ya nyingine. Wapo wanaozitumbukiza kwenye dawa na kuzirudia. Siwalaumu, ila hakuna utafiti kati ya hizo nilizozitaja uliopima bledi iliyorudiwa mara ya thelathini.

Kuna hoja ninayoisikia sana: tutanunua chache, tuziweke kwa ajili ya wagonjwa wagumu tu. Inasikika kama busara, mpaka uulize utawatambuaje hao wagumu. Kanzidata ya usingizi ya Denmark iliangaliwa mwaka 2015, wagonjwa 188,064. Waliokuja kuwa wagumu kuwekewa mrija walikuwa 3,391, na kati yao asilimia 93 hawakutabiriwa. Hao ni Wadenmarki, wenye muda wa kumpima mgonjwa siku moja kabla, kumfungulisha mdomo, kupima shingo. Sisi mama wa upasuaji wa uzazi wa dharura tunakutana naye mlangoni mwa thieta saa nane za usiku.

Na huyo mama ndiye anayenifanya nisisitize kapnografu. Ujauzito unamwongezea mahitaji ya oksijeni huku ukimpunguzia akiba ya hewa kwenye mapafu, kwa hiyo akishalala na kuacha kupumua anaishiwa upesi. Mrija ukiingia umio, njia ya chakula, badala ya trakea, dakika za kugundua ni chache mno. Na dalili tulizofundishwa zinadanganya. Kifua kinaweza kupanda kidogo, ukungu unaweza kuonekana ndani ya mrija, stethoskopu inaweza kusikia mvumo wa tumboni ukadhani ni mapafu, tena kwenye thieta yenye jenereta linalonguruma dirishani. Oksimita, kifaa cha kupima oksijeni ya damu, ndiyo inayochelewa kuliko vyote, kwa sababu ulimjaza mgonjwa oksijeni kabla. Ikianza kulia, umeshapoteza muda uliokuwa unauhitaji.

Hewa ukaa haidanganyi namna hiyo. Inatoka mapafuni, na ikitoka kwa mfululizo inachora mawimbi kwenye kioo, pumzi baada ya pumzi. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 kuhusu mrija ulioingia umio unataka mawimbi yadumu kwa pumzi zisizopungua saba, na yasipoonekana, uchukulie mrija uko pasipo pake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Waingereza walijifunza hilo kwa gharama. Ukaguzi wao wa kitaifa uliojulikana kama NAP4, wa mwaka 2011, uliona kwamba kutotumia kapnografu huenda kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo vilivyotokana na njia ya hewa ndani ya ICU. Na hiyo ni nchi ambayo mashine zilikuwepo.

Utafiti ninaoupenda kuliko wa Cleveland ulifanyika Malawi, ukachapishwa 2019. Kapnografu 40 ziligawiwa hospitali 8, ambazo karibu vyumba vyake vyote vya upasuaji havikuwa nazo, na watoa usingizi wakafundishwa kuzitumia. Miezi sita baadaye waliripoti kugundua mirija 44 iliyokuwa imeingia umio. Mhakiki mkali atakwambia hakuna kundi la kulinganisha na kwamba hayo ni maelezo ya wahudumu wenyewe. Ni kweli. Lakini sijui ni kamati gani ya maadili ingekubali kundi la kulinganisha ambalo mirija yake inaachwa ndani ya umio.

Nikubali pia kwamba wengi wa akina mama wanaofia kwenye upasuaji wa uzazi barani kwetu hawauawi na njia ya hewa. Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa 2019 ulifuatilia akina mama 3,684. Walifariki 20, na kutokwa damu ndiko kulikotawala. Ganzi ya mgongo nayo imeokoa wengi kwa sababu rahisi, kwamba haimlazi mtu. Mapitio ya 2016 ya nchi za kipato cha chini na cha kati yalikuta uwezekano wa mama kufa kwa nusukaputi ni zaidi ya mara tatu ukilinganisha na ganzi ya mgongo, ingawa ni wazi kwamba wanaopewa nusukaputi mara nyingi ni wale waliofika wakiwa hoi. Mapitio hayohayo yalihusisha usingizi na asilimia 13.8 ya vifo vilivyofuata upasuaji wa uzazi. Hao ni wengi, na sehemu yao tunaweza kuwazuia kwa mashine inayokaa juu ya trei.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ndiye ninayesaini: oksimita kwanza kwa yeyote asiye nayo, kisha kapnografu, buji mbili kila chumba, maski za kooni (LMA) za saizi zote (zile alizobuni Archie Brain London mwaka 1981, na ambazo mpaka leo ndizo zinazomwokoa mtu pale mrija unapokataa), halafu video. Na video ikija, itumike kila siku kwa kila mgonjwa. Ya kabatini haimfundishi mtu.

Tena tusidhani kila tunachofanya bila kamera kina ushahidi nyuma yake. Kule kubonyeza shingo kwa vidole ili matapishi yasipande tulikochukua kwa daktari Sellick kulitokana na taarifa ya 1961 ya wagonjwa 26. Ilichukua mpaka 2019 Wafaransa kuwapanga wagonjwa 3,472 kwa nasibu, nusu wakibonyezwa kweli na nusu kwa kuigiza. Waliovuta matapishi mapafuni walikuwa asilimia 0.6 kwa 0.5. Visa vilikuwa vichache kiasi kwamba hesabu haikuruhusu kutamka kwamba kutobonyeza ni salama sawasawa, lakini waliobonyezwa kweli walikuwa wagumu zaidi kuonekana koo. Wangapi kati yetu bado tunamfokea nesi abonyeze kwa nguvu zaidi?

Maswali yetu hayatajibiwa na watu wa Cleveland, nao hawana wajibu huo. Wanafunzi wa uzamili wanaolinganisha vifaa kwenye mwanasesere wangenifurahisha zaidi wakichukua daftari la thieta. Lina jina, umri, operesheni, aina ya usingizi, saa ya kuanza na kumaliza. Piga mistari ya safu nne zaidi: nani aliweka mrija, kwa kifaa gani, mara ngapi, na kama hewa ukaa ilionekana. Hospitali yenye upasuaji wa uzazi kila siku, mwaka hautaisha kabla haijajua bledi ipi inashindwa, mikononi mwa nani, na saa ngapi za usiku.