Kodi ya ndege na hesabu ya tajiri

Barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kuna swali halikauki: kwa nini mashirika ya ndege yalipe kodi ya pango kila mwezi badala ya kununua ndege zao, nauli ya Nairobi ikateremka? Mzee mmoja jirani yangu hulijibu kwa kauli moja, kwamba mpangaji hatajirika. Namheshimu, lakini hapa tunaachana. Mji huu umejaa watu waliojenga juu ya ardhi ya mwingine na kulipa kodi ya kiwanja baba hadi mjukuu. Nyumba bila ardhi tunaijua. Kwenye ndege nayo ipo: mwili waweza kuwa wa kampuni moja, injini za nyingine.

Karibu nusu ya ndege za abiria duniani ni za kukodi, na wakodishaji wakubwa wako Ireland, ambako biashara hii ilishika mizizi tangu Guinness Peat Aviation ilipoanzishwa Shannon mwaka 1975.

Tupige hesabu ya mfano. Boeing 737-800 ya mtumba ikodishwe dola 240,000 kwa mwezi, yaani dola 8,000 kwa siku. Dola ikiwa shilingi 130, hiyo ni shilingi 1,040,000. Ikiruka safari sita kwa siku na abiria 130 kila safari, kila abiria anabeba shilingi 1,333 za kodi. Ikiruka safari tatu, anabeba 2,667. Dereva wa matatu ya Likoni anaielewa hesabu hii kuliko waziri: tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake jioni, gari limejaa au halikujaa.

Kwa hiyo kodi yenyewe hainitishi sana. Kinachonitisha ni kinachoandamana nayo. Kuna amana ya miezi kadhaa. Kuna akiba ya matengenezo, inayolipwa kwa kila saa ya kuruka na, kwa vipuri kadhaa, kwa kila mruko. Safari ya Mombasa–Nairobi haifiki saa moja, kwa hiyo injini inawashwa na magurudumu yanagonga lami mara nyingi kwa siku, na mita inahesabu. Mwisho wa mkataba ndege inarudishwa katika hali iliyoandikwa. Upungufu wote ni juu ya mpangaji.

Tanzania ililionja hilo. Mwaka 2007 shirika lake la ndege, ATCL, lilikodi Airbus A320 kutoka kampuni ya Wallis Trading ya Liberia kwa dola 370,000 kwa mwezi. Ndege iliruka muda mfupi, ikaenda matengenezo nje, na deni likaendelea kukua hadi likaiangukia serikali.

Je, kununua ndiyo dawa? Kenya Airways mwaka 2023 ilipata faida ya uendeshaji ya takriban shilingi bilioni 10.5, lakini ikafunga mwaka na hasara ya bilioni 22.7, kwa sehemu kubwa kwa sababu shilingi ilianguka na madeni yake mengi yalikuwa ya dola. Mwenye mkopo wa kununulia na mwenye kodi wote wanaumwa na nyoka huyo huyo. Na ndege yako ikikosa injini, kama Airbus A220 za Air Tanzania zilizolazwa mwaka 2022, huna pa kuirudisha.

Mimi naegemea kukodi, kwa shirika changa. Lakini ndege tupu, si ndege pamoja na marubani na mafundi wa mwenyewe. Ile ya pili ni ya kuzibia pengo msimu wa watalii, na bei yake hula faida yote. Likodi ndege ya rafadha ya viti sabini na kitu, kama Dash 8-400 tunazoziona zikishuka juu ya Port Reitz, maana haina njaa ya mafuta kwenye safari fupi. Litafute abiria wanaolipa kwa dola au yuro, wasaidie kubeba kodi. Na mkurugenzi asitie sahihi mpaka fundi wake mwenyewe aketi na ukurasa wa masharti ya kurudisha, mstari kwa mstari.