Wanafunzi wetu si wavivu wa mtandaoni

Wiki iliyopita, saa nne usiku, mdogo wangu anayesoma chuo Dodoma aliniandikia: "Dada, nirushie hata elfu mbili ya bando. Asaimenti inafungwa saa sita na sijaifungua." Nikamrushia. Hapa Helsinki, Ufini, ninakosoma, nami nilikuwa ndani ya Moodle, mfumo uleule wa masomo ya mtandaoni anaoutumia yeye, ila intaneti yangu imo ndani ya kodi ya chumba.

Watanzania wenzangu wa huku hupenda kusema wanafunzi wa nyumbani hawataki kusoma mtandaoni, na wahadhiri wetu ni wa kizamani. Sikubali. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Dodoma, kozi iliyokuwa hai kwenye mfumo ilikuwa moja tu. Nyingine ukifungua unakuta jina la kozi, basi. Desa, yaani notisi za masomo, tulitoa kopi steshenari, matangazo yakaja kwa CR, kiongozi wa darasa, kwenye grupu la WhatsApp. Siku moja nilimuuliza mhadhiri wetu kwa nini hapakii masomo. Alinieleza kwa upole: darasa lina watu zaidi ya mia nne, na usiku anaokesha akirekodi video au akijibu maswali hauhesabiwi popote kuwa ni kazi.

Huku Ufini kazi ya mwalimu wa chuo kikuu hupangwa kwa saa, kama 1,600 kwa mwaka, na kuandaa kozi ya mtandaoni kumo katika mpango huo. Kwangu hii ndiyo tofauti kubwa kuliko kompyuta zote. Mwalimu akiufanya mfumo ghala la PDF, mwanafunzi naye ataingia siku ya kuamkia mtihani.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020, nilikuwa kijijini Mvumi kwa bibi. Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi, na hadi tunarudi chuoni Juni sikuwa nimesoma mada hata moja. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba Moodle, iliyotoka mwaka 2002, ilianzishwa na Martin Dougiamas, aliyekulia jangwani Australia na kusoma utotoni kwa redio, kwa kuwa shule ilikuwa mbali mno. Mtoto wa Mvumi angeelewana naye haraka.

Nisisahau tulichowazidi wa huku. Nimemaliza kozi nzima Helsinki bila kuisikia sauti ya mwenzangu hata mmoja. Dodoma tulipiga diskasheni chini ya mti mpaka giza. Mwenye bando alipakua, akawarushia wengine kwa bluetooth. Watu wanaofanya hivyo wanataka kusoma.

Vyuo vikae na kampuni za simu, mfumo wa masomo ufunguke bila kukata bando. Na saa za mhadhiri mtandaoni ziingie kwenye mzigo wake wa kazi, alipwe.

Ile elfu mbili, mdogo wangu aliwasha hotspoti. Wenzake watatu chumbani wakatuma asaimenti zao humohumo.