Mvua kukatika si usalama mlimani
Eti Juni na Julai mtembezi wa milimani hana cha kuhofia kwa vile mvua zimekatika? Hapo nakataa. Mimi ni wa Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na kipupwe ndicho kinachotuletea ukungu wa alfajiri. Julai moja tuliteremka Shimo la Mungu, bonde lenye kina kirefu hapa kwetu, saa 12 na nusu asubuhi: aliye hatua tano mbele simwoni, nyasi zimelowa, viatu vinateleza, suruali imeloa hadi magotini, kusi likivuma vidole vinakufa ganzi. Na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, sembuse Kilimanjaro yenye mita 5,895! Siku hizi nangoja hadi saa 3. Ndugu zangu wa uwanda wa Rondo kule Lindi, kwenu ukungu huondoka saa ngapi?