Nilivyoipeleka boti Eyasi

Chanzo cha yote ni boti. Niliikuta kwenye mitumba pale Kilombero, Arusha, imekunjwa chini ya rundo la makoti ya baridi. Ya mpira, ya kujaza upepo, rangi ya chungwa, ina makasia mawili ya plastiki na maandishi ya Kijerumani ubavuni. Maandishi sikuyaelewa, ila palikuwa na namba 4 na kikatuni cha mtu, nikajua inabeba wanne. Wanne wa Ujerumani, nikapiga hesabu, ni sita wa kwetu. Muuzaji alianzia laki mbili, tukamalizana elfu themanini na tano. Nyumbani, Mama Neema aliitazama boti, akanitazama mimi, akauliza, "Baba Neema, sisi tuna bahari?"

"Bahari hatuna. Maziwa je?"

Mwaka ule Oktoba 14, Siku ya Nyerere, ilikuwa inaangukia Ijumaa. Nikatangaza kwenye grupu la ukoo: safari ya boti, chakula juu yenu, ziwa juu yangu.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mama mkwe wangu, ambaye mjini kote anaitwa Bibi. Nilidhani kuchagua ziwa ni kazi ya dakika kumi. Tulianza saa kumi jioni, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikatukuta palepale.

Nilianza na Duluti. Lipo Tengeru, unashuka kwenye daladala, unatembea kidogo, umefika. Maji yametulia ndani ya kreta, msitu umelizunguka, na watu wanapiga kasia pale siku zote. Likakataliwa kwa sababu hiyohiyo. "Mtu unafunga safari mpaka Tengeru?" Shemeji aliuliza. "Tengeru mimi naenda kununua ndizi."

Nikapanda na Momela. Kwenye Momela Ndogo watalii wanapelekwa na mitumbwi huku twiga wanawachungulia ukingoni. Wote wakasema aaah. Halafu Shemeji akakumbuka kwamba lile ziwa liko ndani ya hifadhi, akachukua simu, akapiga kiingilio mara watu tisa, akaongeza na gari. Aliitazama ile namba, akaizima simu bila kutusomea.

Babati likaangushwa na viboko. Jipe likaangushwa na viboko, mamba na matete kwa pamoja. Chala, lile la mpakani na Kenya, lilipata kura mbili mpaka Bibi alipoambiwa kwamba kuyafikia maji lazima ushuke ukuta wa kreta kwa miguu. "Na magoti haya?" akasema, akayapiga kofi yote mawili tuyasikie. Victoria ni siku nzima ndani ya basi, na bado Mjomba akaongeza dhoruba na kichocho. Mtu mmoja akataja mto Pangani. Mamba tena. Nilianza kuamini kwamba nchi hii wanyama waligawana maji yote kabla yetu.

Mjomba huyu tunamwita Baharia. Alifanya kazi bandarini Tanga miaka kumi na minne. Alikuwa anahesabu magunia, lakini ukoo wetu ni wa milimani, kwetu sisi mtu aliyewahi kusimama karibu na meli ni nahodha. Ana kofia nyeupe. Alikuja nayo kikaoni.

Saa mbili na nusu nikafungua ramani ya kwenye simu. Kusini-magharibi mwa Ngorongoro nikaona doa refu la bluu, kubwa kuliko Manyara, limejinyoosha kama mtu aliyelala kiubavu. Eyasi. Nikalitaja. Kimya. Hakuna aliyewahi kufika, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kupinga. Bibi peke yake ndiye aliyeuliza, "Kule si ndiko Mang'ola, kwenye vitunguu?"

"Ndiko, Bibi. Na unajua vitunguu vinataka maji kiasi gani."

Hoja yangu ya kitaalamu ikapita. Watu wakapiga makofi.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri na Noah ya Shemeji, watu tisa, boti kwenye keria juu, makasia yametokeza nyuma kama masikio ya punda. Mpaka Karatu mambo yalikuwa mazuri. Baada ya hapo, kwa wakati ule, lami ilituaga, na barabara ya kushuka Mang'ola ikawa vumbi la kufunika kope. Dirisha ukifunga unaiva, ukifungua unakuwa tofali. Bibi alijifunika khanga kichwa kizima akawa anatoa maelekezo kutoka ndani yake.

Mang'ola tuliwakuta watu wanapakia vitunguu kwenye fuso. Mifereji inatiririka, mashamba ya kijani, nikamgeukia Shemeji kwa jicho la si-nilikwambia. Baadaye sana ndipo nilipokuja kujua kwamba maji yale ni ya chemchemi, na kwamba ziwa hata halihusiki na vitunguu.

Sasa kujaza upepo. Pampu ya baiskeli tuliyobeba ilikuwa ya kumaliza sikukuu nzima. Fundi pancha mmoja kando ya barabara alikuwa na kompresa. Tukamshushia boti. Aliizunguka mara mbili, akagonga ubavu kwa kidole.

"Hii ya nini?"

"Boti, fundi. Tunaenda nayo ziwani."

"Ziwani," akasema.

"Upepo shilingi ngapi?"

Akaangalia boti, akatuangalia sisi, akaliangalia jua. "Elfu tano."

Akaijaza vizuri sana, mpaka ikawa inalia ukiipiga. Watoto wa kijiji walikusanyika. Tukaifunga juu ya Noah ikiwa imevimba, tukavaa majaketi ya kujiokolea humohumo garini, maana Mjomba alisema sheria za majini zinaanzia nchi kavu. Tukaondoka tunapungiwa mikono. Fundi naye alipunga.

Tulipotokea uwandani, tuliliona. Jeupe, linameta, limefika mpaka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na katikati yake maji yanacheza kama hariri. Mama Neema akanishika bega. Nakiri nililengwa na machozi kidogo.

"Baba Neema," Bibi akasema kutoka kiti cha nyuma, khanga ikiwa imeshushwa, "ng'ombe wale wanaogelea?"

Kweli, mbali kule katikati ya ziwa kulikuwa na ng'ombe kama arobaini wanakatiza.

"Kina ni kifupi, Bibi. Wanavuka."

"Mbona wanatimua vumbi?"

Hakuna aliyejibu. Shemeji alisimamisha gari. Nikashuka, nikaweka mguu kwenye Ziwa Eyasi, likalia *kwach*, kama ukoko wa wali unapoung'oa kwenye sufuria. Ganda la chumvi na magadi, jeupe, limepasukapasuka vipande vya ukubwa wa sahani. Chini yake, vumbi la kijivu.

Mjomba akasema maji yamepwa, ni kawaida, yatarudi saa kumi. Nikamwambia Mjomba, hili si bahari. Akasema maji ni maji.

Sasa hivi nitakupa somo lote bila kushika karatasi. Eyasi lina mito ya kuingia, Sibiti kutoka Ziwa Kitangiri na mingine midogo, ila mto wa kutoka halina hata mmoja. Maji yakishaingia hayana pa kwenda isipokuwa juani. Hata mvua zikinyesha vizuri, sehemu kubwa ya ziwa kina hakifiki mita moja. Mjomba angesimama katikati na kofia yake isilowe. Na sisi tulikwenda Oktoba, kiangazi kimefika kwenye mfupa, vuli haijadondosha tone. Aliyelipaka ile bluu kwenye ramani lazima alipita mwezi wa nne.

Siku ile sikujua hayo. Nilichojua ni kwamba kule mbele yale maji ya hariri bado yalikuwa yanameta. "Yamesogea tu," nikasema. "Tuyafuate." Tukaibeba boti kichwani wanaume wanne, Mjomba mbele akiongoza, Bibi nyuma na mwavuli. Tulitembea kama nusu saa. Maji nayo yakatembea. Ukisimama, yanasimama. Mazigazi ni kitu kibaya sana, hasa ukiwa umevaa jaketi la kujiokolea.

Tulipata maji hatimaye, kwa njia ya Mjomba. Alikuwa hatua kumi mbele yetu ganda lilipokatika, akazama mpaka magotini kwenye tope jeusi linalonuka yai lililosahaulika. Akajaribu kuutoa mguu wa kulia, wa kushoto ukashuka zaidi. Akaishika kofia.

"Msije!" akapiga kelele. "Leteni chombo!"

Na hapo, jamani, boti ilifanya kazi iliyoletewa. Tuliisukuma juu ya tope mpaka alipo, akajilaza ndani kwa kifua, tukaivuta kwa kamba, miguu ikachomoka mmoja baada ya mwingine kwa sauti ambayo watoto waliigiza mpaka Krismasi. Kiatu kimoja kilibaki. Tukamburuta nahodha wetu mita hamsini hivi mpaka penye ganda gumu, amelala chali botini, anatazama mbingu. Lile tope likamkaukia jeupe mpaka magotini, ukimwona ungedhani amevaa soksi za shule.

Bibi wakati huo alikuwa amechuchumaa, magoti yameruhusu, anakwangua ganda kwa kijiko cha pilau. Akaonja. "Chumvi na magadi," akasema, akaanza kufunga kwenye pindo la khanga. "Maharage hayatatusumbua mwaka huu." Katika watu tisa, ni yeye peke yake aliyetoka ziwani na kitu cha maana.

Kijana wa Kidatoga, mwenye wale ng'ombe, alikuwa ametukaribia. Alisimama ameegemea fimbo yake kwa muda mrefu bila kusema. Tukasalimiana. Akaigusa boti, akaikandamiza, akachungulia ndani.

"Hii inavuja?"

"Haivuji!" nikasema, kwa fahari iliyochelewa.

"Ukitia maji, yanakaa?"

Nikataka kumwambia kwamba maji hukaa nje. Kisha nikaelewa. Alikuwa anatafuta hori la kunyweshea ndama. Sikuwahi kuona bidhaa yangu ikitazamwa kwa heshima namna ile. Tulibishana kama robo saa, Shemeji akiwa dalali, tukamalizana kwa beberu mmoja wa kahawia. Mjomba alitaka kuaga boti kwa saluti, tukamwacha.

Tulirudi tukipita palepale kwa fundi pancha. Alikuwa amekaa kwenye tairi lake. Akaitazama keria tupu, akamtazama beberu aliyetoa kichwa dirishani kwenye kiti changu, akazitazama soksi za Mjomba.

"Karibuni tena."

"Fundi," nikamwambia, "kwa nini hukutuambia?"

"Nini?"

"Ziwa limekauka!"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Mliuliza upepo shilingi ngapi," akasema. "Maji hamkuuliza."

Bibi alicheka mpaka Karatu. Beberu alikula risiti ya mafuta na sehemu ya keki.

Desemba grupu liliamka tena. Bibi aliandika mwenyewe, bila kikao: Jumamosi, Duluti, tutakodi mitumbwi ya hukohuko. Hakuna aliyetaja ndizi. Chini yake akaongeza kwamba kamati ya ziwa, yaani mimi, ithibitishe mapema.

Alhamisi jioni nikatoka kazini, nikapanda daladala mpaka Tengeru, nikatembea kwa miguu hadi ukingoni, nikakunja shati na kuutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikaupiga picha ukichuruzika, nikaituma kwenye grupu. Mjomba alijibu wa kwanza: "Upige tena, saa ionekane."